Jani la Sale la Theopista

Kila asubuhi Theopista, mwoka mikate wa Uru, alifungua simu kabla ya kuwasha tanuri, aone Loveness, mwoka keki wa Moshi mjini, amesifiwa na wangapi Instagramu. Wivu ulimkaba. Siku moja akaandika chini ya picha ya keki ya mwenzake, "Kavu kama tofali," akisahau kwamba yumo kwenye akaunti ya duka lake. Wateja wakamjia juu, oda zikakatika. Akamtumia Loveness picha ya jani la sale, ambalo Wachaga huombea msamaha.

"Dada Theo, sale hupelekwa kwa mkono," Loveness akajibu. "Lete, uje uonje na tofali lenyewe."

Alishuka nalo mjini, likapokewa. Akaonja. Keki ilikuwa laini kuliko yake, na wivu ukamkaba upya, mdomo umejaa.