Hadithi ya Kuomba Moto

Ujumbe uliingia nikiwa kwenye treni, nimepandia kituo cha Doonside, huku ugenini tunakoishi, naenda kazini Mount Druitt. Ulisema nina kazi moja iliyopitiliza tarehe yake. Niliufungua nikidhani ni wa kazini, maana katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi kila kitu huja kwa simu: nani aogeshwe, nani ageuzwe kitandani, nani apewe uji wake ukiwa laini. Kumbe haukuwa wa kazini. Ulitoka kwenye ubao wa mradi wa chuo wa binti yangu, na mbele ya kazi iliyochelewa palikuwa pameandikwa “Mum”.

Nilikasirika, sitasema uongo. Mtoto nimemzaa mimi, nimembeba mgongoni, nimemfundisha kushika kijiko, leo ananiandikia kwamba nimechelewa. Tangu lini mtoto akamtuma mama yake, tena kwa tarehe? Kwetu hata ukiwa na haraka na mtu mzima unaanza kwa kumuuliza habari za mgongo wake, unanyamaza kidogo, ndipo unakumbushia jambo lako kwa mbali. Nilizima simu nikaitia mkobani, na siku nzima wazee walinikuta nimenuna.

Binti yangu yuko mwaka wa mwisho, anasomea filamu za katuni. Mradi wa kumalizia masomo anaufanya na mwenzake mmoja, msichana wa Kikenya ambaye kazi yake ni sauti. Huyo ndiye aliyefungua ubao kwenye kompyuta. Una safu tatu, na ukizitoa kwenye Kiingereza ni Bado, Inaendelea na Tayari. Kila kazi imepewa kadi, kila kadi ina mwenyewe na siku ya mwisho, na kazi ikimalizika unaivuta kadi kwa kidole mpaka safu ya Tayari. Ikichelewa, tarehe yake inakuwa nyekundu. Mwalimu wao naye huingia humo kuangalia, kwa sababu mpangilio pia una alama zake.

Mimi nilikuwa na kadi moja tu: kurekodi hadithi. Filamu yote imejengwa juu ya hadithi aliyokuwa akinisimulia mama yangu nilipokuwa mdogo, kwenye kambi ya wakimbizi, magharibi mwa Tanzania. Mama aliisimulia kwa Kirundi, na sisi watoto tukiirudia tuliichanganya na Kiswahili, kwa hiyo nyumbani kwangu imebaki ya Kiswahili. Nilikuwa sijui kwamba katuni huanza na sauti. Mchoraji anasikiliza kwanza, halafu anachora mdomo na mkono kuifuata ile sauti, pumzi kwa pumzi. Kadi zote za binti yangu, za mbio, za nyumba, za uso wa msichana, zilikuwa zimekaa nyuma ya kadi yangu zikingoja.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Jiko limezimika, mama anamtuma binti yake kwa jirani akaombe moto. Jirani anasema, nitakupa moto ukiniletea maji. Mwenye maji anasema, nitakupa maji ukiniletea mtungi. Mwenye mtungi anataka majani ya mbuzi wake, mwenye majani anataka mundu, mfua chuma anataka mkaa. Msichana anakwenda nyumba hadi nyumba, na kila anapofika anaimba shida yake yote tangu mwanzo. Niliipenda hadithi hiyo kuliko zote. Nilikuwa nikiiomba hata mchana, na mama alikuwa mchoyo nayo ajabu. Siku nyingine alinisimulia bila kuombwa, siku nyingine nililia mpaka nikachoka akaniambia, “Hiyo si ya leo.”

Sasa tatizo langu ni hili: nyumba nilikuwa nazo nyingi, mwisho sikuwa nao. Sikukumbuka kama msichana alirudi na moto. Nilijaribu nikifua, nikajaribu tena nikimsukuma mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, nikaimba kimoyomoyo kutoka nyumba ya kwanza, lakini kila mara nilifika kwa mfua chuma, au kwa mwenye mkaa, au kwa bibi mmoja mwenye kuku, na hapo njia ikakatika. Mama amekwishafariki. Na binti yangu alikuwa ameandika kwenye maombi ya mradi kwamba mama yake anaibeba hadithi nzima kichwani. Utamwambiaje mtoto wa namna hiyo kwamba kichwani hamna kitu?

Basi nikawa mtu wa visingizio. Nimetoka zamu mbili. Koo linauma. Jumapili tuna kwaya. Siku moja, ili nipate amani, niliingia mwenyewe kwenye ubao nikaivuta kadi yangu kutoka Bado mpaka Inaendelea. Tarehe ilibaki nyekundu, lakini angalau nilionekana nimesogea. Ujanja huo niliujua vizuri kutoka kazini. Kuna kisanduku kwenye simu ya kazi kinachosema umezungumza na mzee, nasi hukitia tiki tukiwa tayari mlangoni, tumemsemesha habari za mvua tukaondoka. Hakuna anayekagua mzee alijibu nini.

Halafu nikajitungia mwisho. Jioni moja, binti yangu akiwa anakata vitunguu, nilimsimulia: msichana akapata moto, akarudi, mama yake akafurahi, wakapika, majirani wote wakaja kula na kumshukuru Mungu. Alisikiliza kisu kikiwa kimesimama.

“Mum, that sounds like Sunday school,” alisema.

Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, hata cha kusengenyana kwenye simu, lakini kujibu anajibu Kiingereza. Nilimwambia kama anajua hadithi kuliko mimi aisimulie yeye. Alirudi kwenye vitunguu vyake, na macho yake sikuweza kujua yanalia kwa nini.

Jumamosi iliyofuata mwenzake wa Kikenya alikuja nyumbani kuchukua waya wake. Binti yangu alikuwa bado kazini kwake, kwenye ghala huko Smithfield anakofungasha mizigo siku ambazo hana masomo. Nilimpa msichana chai na maandazi, na kabla hajamaliza andazi la kwanza alianza kuomba radhi.

“Auntie, pole sana kwa zile reminder. Hiyo ni app inajituma, si sisi. Nilisahau kuzima yako. Nilisikia vibaya aki.”

Nilimwambia haina neno, ingawa neno lilikuwepo. Akazungusha kikombe, kisha akasema bila kuniangalia:

“Lakini Auntie, ungejua. Kila wiki ikikuwa red, yeye ndiye husongesha ile date mbele ndio usionekane umechelewa. Juzi lecturer ameuliza mbona sauti haijaingia. Binti yako akasema ni yeye hajapanga vizuri. Akakatwa marks za planning. Na sasa tumeambiwa sauti isipoingia kufikia Jumatatu, tutafute hadithi ingine.”

“Hadithi nyingine ipi?”

“Yoyote tu. Hata ya kwenye net.”

Alipoondoka nilibaki nimekaa jikoni na vikombe viwili. Hasira niliyokuwa nayo tangu kwenye treni ilinitoka yote, na mahali pake pakaingia aibu. Wiki zote hizo nilidhani mtoto ananisukuma, kumbe alikuwa amesimama mbele yangu anapokea yeye lawama zangu. Na hadithi ya mama yangu ilikuwa inakaribia kubadilishwa na hadithi yoyote tu.

Nilimpigia dada yangu mkubwa, aliyerudi Burundi. Kwao ilikuwa asubuhi, nilisikia mtu akifagia uwanja. Sikumwambia mambo ya ubao, angeniona nimepagawa. Nilimuuliza habari za mgongo wake, habari za maharage, ndipo nikauliza: ile hadithi ya kuomba moto inaishaje?

“Inaisha aje?” Akacheka. “Ile haina mwisho, we. Mama alikuwa anaongeza manyumba mpaka ulale.”

“Kwa nini hakuwahi kuimaliza?”

“Kweli haukujua? Aliisimulia zile siku posho imechelewa. Hakukuwa unga, hakukuwa kitu. Wewe ulikuwa unaangalia mafiga, unauliza, mama, mbona hauwashi moto? Anakwambia, nimemtuma mtoto aombe moto, ngoja arudi. Anaanza kukuhesabia manyumba. Mimi nilikuwa mkubwa, mimi nilijua hatarudi.”

Nilimwambia nilikuwa nikiiomba. Nilikuwa nikimlilia anisimulie.

“Najua,” alisema. “Siku ulimuomba na kuna chakula, alikuwa anakataa. Alikuwa anaiogopa.”

Hatukuzungumza sana baada ya hapo. Alinisalimia watoto, nami nikamsalimia wake, tukakata. Nililia, na sioni haya kusema. Maisha yangu yote nilikuwa nimeihesabu hadithi ile kuwa raha ya utoto wangu. Hata sasa sijui niihesabu wapi. Raha ilikuwepo, nakumbuka joto la ubavu wake na sauti yake ikiimba, na njaa siikumbuki kabisa. Nadhani ndicho alichokuwa akikitafuta, kwamba nisiikumbuke, na kazi hiyo aliifanya ikaisha kweli, si kama ninavyotia tiki mimi.

Jioni binti yangu aliporudi nilimwambia wapange kurekodi kesho, baada ya kanisa. Aliniangalia kama anayetaka kuuliza, kisha akaona uso wangu akaacha. Alichukua simu yake, nadhani kuandika kwenye kadi, halafu akaniletea chai bila kuombwa.

Jumapili chumba changu cha kulala kiligeuzwa studio. Mkenya alitundika mablanketi na vitenge vyangu kwenye mlango wa kabati na dirishani ili sauti isirudi, akazima friji kwa sababu inanguruma, akaacha funguo za gari lake ndani ya friji ili asiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Nilimpenda kwa akili hiyo. Binti yangu alikaa sakafuni, miguu kaikunja, kavaa vile visikizio vikubwa masikioni, kompyuta iko mapajani na ubao wazi. Tulingoja treni ipite. Mkenya akainua kidole, akakishusha.

Nilianza. Jiko limezimika, mama anamtuma binti yake akaombe moto. Nilipofika nyumba ya pili niliona woga umeniacha, na sauti iliyokuwa inatoka haikuwa ile ninayosomea matangazo kanisani. Ilikuwa ya chini kuliko yangu. Niliimba shida ya msichana kwa mwenye maji, kwa mwenye mtungi, kwa mwenye majani. Baada ya mfua chuma nilianza kuongeza nyumba zangu mwenyewe, nyumba ambazo mama hakuwahi kuziona: nyumba ya mwanamke anayetaka kwanza karatasi zenye muhuri, nyumba ya mzee anayetaka kwanza msichana aketi naye wazungumze. Msichana akaimba huko pia. Kila nyumba nilipunguza sauti kidogo, kama inavyopunguzwa karibu na mtoto anayesinzia.

Kisha nikanyamaza. Binti yangu alikuwa anangoja, kidole kiko juu ya kompyuta. Nilijua ningeweza kumpa ule mwisho wa Sunday school na asingekataa tena, kwa jinsi alivyokuwa amechoka. Badala yake nilisema mbele ya kinasa sauti, kwa maneno ya kawaida, kwamba hadithi hii haina mwisho. Kwamba mama yangu aliisimulia siku ambazo hatukuwa na unga, na aliongeza nyumba mpaka nipate usingizi nisahau kuuliza chakula. Kwamba mimi nilikuwa nalala kila mara, kwa hiyo sijui zaidi ya hapo.

Mkenya hakuzima mashine. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono juu ya kitufe, hausogei. Binti yangu alivua visikizio akaviweka shingoni. Nilidhani atasema sorry, Mum, kama wanavyosema hapa kwa kila kitu, kidogo na kikubwa. Lakini aliuliza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno:

“Na bibi? Bibi alikuwa analazwa na nani?”

Nilimwona mama yangu amekaa gizani kando ya mafiga yasiyo na moto, mimi nimeshalala, dada naye amejifanya kulala, na nyumba zimemwishia. Miaka yote hii sijawahi kumfikiria baada ya mimi kufumba macho.

“Sijui,” nilisema. “Sijui, mwanangu.”

Filamu yao inaishia hapo. Swali lake hawakulikata, na jibu langu pia hawakulikata. Baada ya sauti yangu hakuna mchoro wowote, ni giza tu, na kwa mbali, ukisikiliza vizuri, treni ya Doonside inapita.