Nili Imo Humo

Watu walimwita Chokaa. Jina lilimganda tangu ujana, kwa sababu maisha yake yote alipaka kuta za wengine nyeupe: madarasa, maghala, vyumba vya kupanga, hata vyoo vya stesheni. Jioni alirudi nyumbani nyusi nyeupe, kope nyeupe, mdomo umefungwa. Mkewe akimwuliza kazi ilikuwaje, alijibu, "Ukuta." Kazi ikiwa ngumu alijibu, "Kuta."

Mkewe alikuwa kinyume chake. Alioka keki za kuuza, na alipenda rangi kama mtoto anavyopenda matope. Mto mwekundu, pazia la manjano, vikombe kila kimoja na rangi yake. Chokaa alisema nyumba imegeuka duka la vitambaa. Mkewe akasema afadhali duka la vitambaa kuliko wodi ya hospitali. Waliishi hivyo, kwa kurushiana maneno, hadi mwanamke akaugua, akafa.

Sasa walibaki wawili ndani ya nyumba: Chokaa na shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu. Alikuja kuuguza. Dada yake alipozikwa hakuondoka. Alifunga aproni ya marehemu kiunoni, akawasha oveni, akaendelea na keki pale zilipoachwa. Chokaa hakumwambia kaa, wala hakumwambia nenda. Alimkata jicho tu, kila alipoiona ile aproni ikipita na tumbo lisilo lake.

Walichokuja kugombania kilikuwa ukutani.

Sebule ndiyo ilikuwa duka. Ukuta wake mkubwa, ule unaotazamana na mlango, ulikuwa na mistari saba ya kulala, kila mmoja upana wa viganja viwili. Nyekundu juu, kisha machungwa, manjano, kijani, bluu, na zambarau chini kabisa. Wateja waliagizia hapo. Mtu alisimama, akanyoosha kidole: "Nataka ile ya pili, na maua yawe ya ile ya nne." Marehemu hakujua kusoma, na hakuhitaji. Ukuta ulimtosha.

Ila mstari wa sita, kati ya bluu na zambarau, ulikuwa mweupe.

Siku moja akaja msusi wa saluni ya mtaa wa nyuma. Kila ukucha wake ulikuwa na rangi yake, na mdomo wake ulikwenda kama cherehani.

"Mama, nataka keki ya upinde wa mvua. Saluni yangu inatimiza mwaka. Tabaka saba, na krimu ya nje iende mistari mistari, kama huu ukuta." Akaanza kuhesabu kwa kucha. Alipofika ya sita akasita. "Eh! Mbona upinde wenu una pengo? Kama bibi aliyeng'oka jino. Hapa si ndipo pa nili? Au aliyepaka hakujua rangi?"

Akacheka peke yake. Chokaa, kwenye kiti chake pembeni, alimtazama mpaka kicheko kikaisha. Shemeji naye uso ulikuwa umemkaza.

"Keki itakuwa kama ukuta," shemeji akasema. "Na pengo litazibwa."

Kesho yake Chokaa alikwenda hospitali kuangaliwa macho. Chokaa ilikuwa imeyala kidogo kidogo kwa miaka, na daktari alimtilia dawa kila alipokwenda. Aliporudi, harufu ilimpokea getini kabla hajashika mlango. Rangi ya mafuta, mbichi.

Mstari wa sita ulikuwa bluu iliyoiva, nzito, karibu na weusi. Ukingoni rangi ilikuwa imetiririka juu ya zambarau. Shemeji alikuwa jikoni akifuta mikono kwa tapentaini.

"Nani kakuambia upake?"

"Nimwulize nani? Wewe? Wewe mtu akikuuliza saa ngapi unamjibu mchana."

"Toa."

"Sitoi."

"Shemeji, toa rangi yako ukutani kwangu."

"Kwako!" Shemeji akatoka jikoni, tambara mkononi. "Ukuta huu kapaka dada yangu. Wewe ulikuwa umenuna. Kanihadithia yote. Ukaacha hata kunywa chai yake kwa ajili ya ukuta huu."

"Nilikunywa."

"Ulikunywa kwa jirani!"

Hilo lilikuwa kweli. Chokaa akalimeza.

"Mstari huo ni wangu," akasema.

"Pengo ndilo lako? Haya, hapo nakubali, linakufanana. Lakini mimi sitakaa hapa watu wamcheke dada yangu naye yuko udongoni. Eti hakujua rangi! Dada yangu?"

"Alijua. Nili imo."

"Imo wapi?"

"Imo humo."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni. "Mzee, hayo macho wamekutilia dawa gani?"

Chokaa akaingia chumbani akafunga mlango. Angeweza kueleza. Lakini maneno yake yalikuwa machache siku zote, na yale mazuri aliyatumia kwa mtu mmoja, tena kwa kubana.

Mambo yalikuwa hivi. Mkewe alipotaka ukuta wa rangi, alimwomba mabaki ya makopo kutoka kazini. Chokaa alikataa. Akasema yeye hushinda kwenye kuta kutwa nzima, hataki ukuta umpigie kelele usiku. Waligombana, ikawa ile ya chai kwa jirani. Mwishowe alianza kuyaleta makopo, akiyatua mlangoni kwa kishindo bila salamu. Nyekundu ya geti la mtu. Kijani cha zahanati. Mkewe akapaka mwenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka akafika wa sita. Nili haikuwako. Hakuna mtu aliyepaka nyumba yake nili.

"Huna nili wewe?" mkewe akamwuliza.

"Ninayo ya kutia kwenye chokaa."

Ndiyo ile ya unga, ya kufulia mashati meupe. Kila fundi chokaa anaitumia. Unatia chembe ndani ya ndoo, na weupe unachangamka. Usipotia, chokaa hukauka na umanjano kama meno ya mvuta sigara.

Mkewe akafikiri. "Kumbe kila ukuta wako mweupe una nili?"

"Imo."

"Haya, paka hapa basi. Nili itakuwa imo humo."

Akapaka. Na kila mwaka mstari ulipochakaa aliupaka tena, mkewe akiwa amesimama nyuma yake akimwambia hapa umeruka, pale umeruka. Katika ndoa yao nzima, hicho ndicho kitu kimoja walichokifanya pamoja bila kutukanana sana.

Asubuhi Chokaa akatoa uvunguni skrepa yake, kile chuma cha kukwangulia kuta. Alijua kwamba rangi ya mafuta haishiki juu ya chokaa. Angengoja, ile nili ya kopo ingebanduka yenyewe. Hakungoja.

Shemeji alikuwa ameanza keki ya msusi. Jikoni palikuwa padogo, kwa hiyo mabakuli aliyapanga kwenye meza ya sebuleni, saba, kila moja na rangi yake ya chakula. Bakuli la nili lilikuwa mwisho, karibu na ukuta. Aliposikia chuma kikikwangua alitoka mbio, unga mpaka kwenye viwiko.

"Wewe! Unafanya nini?"

Chokaa hakugeuka. Rangi ilikuwa ikitoka vipande vipande, bado laini, na chini yake chokaa ya miaka yote ikabanduka pamoja nayo, tabaka juu ya tabaka, nyembamba, kama keki ya mtu bahili.

"Acha! Vumbi linaingia kwenye keki za watu!"

"Ondoa mabakuli."

"Ondoka wewe!" Akamshika mkono wa shati. Chokaa akauvuta. Shati likachanika begani, naye akayumba, skrepa ikakwaruza ukuta, na kipande kikubwa cha chokaa kikaanguka chubwi katikati ya bakuli la nili.

Wote wawili wakalitazama bakuli.

"Umeona?" Sauti ya shemeji ilikuwa imeshuka, ikawa mbaya zaidi. "Umeona ulichofanya? Hiyo ndiyo nili yote niliyokuwa nayo. Duka zima walikuwa na chupa moja. Yule mwanamke anakuja kesho asubuhi. Nimwambie nini? Kwamba keki imeingiwa na wazimu wa mume wa dada yangu?"

"Mwambie unavyotaka."

"Hivi ndivyo ulivyoishi naye. Sasa nimeelewa. Kumbe hakufa kwa maradhi, alichoka."

Chokaa akateremsha skrepa. Kisha akarudi ukutani, akaendelea kukwangua.

Shemeji akamwaga bakuli lile nje. Akarudi, akapasua mayai mengine, akachanganya upya bila rangi yoyote, akiupiga unga kwa mwiko kama anayempiga mtu. Tabaka la sita likaingia oveni jeupe.

Alasiri plasta ilikuwa tupu. Chokaa akaleta ndoo, chokaa iliyokwisha kulala majini, na brashi yake pana ya manyoya iliyopungua nusu. Akatoa mfukoni kikaratasi, akakifungua. Ndani mlikuwa na unga wa bluu, bluu kabisa, ile iliyoiva.

Shemeji alikuwa akipita na trei. Akasimama.

Chokaa akafinya chembe, akaitia ndani ya ndoo. Unga ukatawanyika juu ya weupe, ukaacha mishipa ya bluu iliyokoza. Akakoroga. Mishipa ikapanuka, ikafifia, ikazama. Ndoo ikawa nyeupe.

Shemeji alisimama pale mpaka trei ikamchoma kidole.

Chokaa akapaka. Chokaa mbichi haina rangi. Ilikaa ukutani kama maji machafu.

"Umepaka maji," shemeji akasema kutoka jikoni, lakini bila nguvu.

"Ngoja ikauke."

Walikula chakula cha usiku kila mmoja na sahani yake, mmoja jikoni, mwingine sebuleni. Asubuhi mstari wa sita uliwaka. Ulikuwa mweupe hata macho ya Chokaa yalitoka machozi, na safari hii si kwa dawa.

Msusi akaja na mwavuli na makelele yake. Akaikuta keki juu ya meza, imevikwa krimu mistari mistari. Akahesabu kwa kucha. Nyekundu, machungwa, manjano, kijani, bluu. Ukucha wa sita ukabaki hewani.

"Mama! Si tulisema pengo litazibwa?"

Chokaa akakaza mikono kwenye magoti. Alijua kinachokuja. Shemeji angemwonyesha kidole, angemtajia kila uovu tangu siku ya harusi, mbele ya mgeni. Kisha kopo la nili lingerudi ukutani.

Shemeji akafunga aproni upya, kwa kukaza.

"Uliagiza nini wewe?"

"Keki ya upinde."

"Uliagiza keki kama ukuta. Tazama ukuta. Tazama keki. Kuna tofauti?"

Msusi akatazama huku, akatazama kule. "Lakini, mama, hii hapa ni nyeupe."

"Hiyo ni nili."

"Nili gani nyeupe jamani?"

"Ya ukutani imo ndani. Nimeiona ikiingia kwa macho yangu. Ndivyo dada yangu alivyoupaka upinde wake, na ndivyo nyumba hii inavyooka. Ukitaka nili ya nje nje, nenda kwa wengine."

"Basi, mama, basi. Kwani nimetukana mtu?" Msusi akachukua keki yake, akatoka akinung'unika, mwavuli kwapani.

Mlango ukafungwa. Chokaa akamtazama shemeji yake.

"Usinitazame," shemeji akasema. "Sijafanya kwa ajili yako." Akausogelea ukuta, akainama, akagusa mstari wa sita karibu na kona, kule ambako brashi haikufika vizuri.

"Na hapa umeruka."

Chokaa akainuka, akaenda kuleta brashi.