Mizani ya Ami Khamis

Harufu ya karafuu zilizoanikwa hainiachi nikae kitako. Wenzangu huvuta pumzi wakajisifia Pemba yao. Mimi mkono hutambaa wenyewe mfukoni kuangalia kuna nini.

Nilikuwa darasa la tano, hapo Mtambile, lakini mwili wangu ulishafika la saba. Bibi alifurahi, eti nimenawiri. Shuleni waliniita Pakacha, kapu la makuti lililotuna. Kwa hiyo kabla mtu hajafungua kinywa nilijiita mwenyewe, nikacheka wa kwanza. Ukicheka wa kwanza huumii sana. Uongo huo niliuamini kweli kweli.

Msimu ule Ami Khamis alitundika mizani ya karafuu kwenye boriti ya banda letu, na gunia tupu kwenye ndoana. Alipokwenda kusali alasiri, Raya, mwenzetu mwenye ulimi wa pilipili, akasema, "Njooni tupimane, tujue nani mzito!"

Nikavua ndara, nikavua bangili, nikatoa hata ubuyu mfukoni. Nikapanda juu ya kinu, nikajitosa guniani, nikabana pumzi kana kwamba pumzi ina uzito.

"Weye! Mshale umekimbia!" Raya alicheka mpaka akakaa chini. "Ami atakuuza!"

"Aniuze kwa bei ya karafuu zenyewe, si ya makonyo, vijiti vyake!"

Nikacheka nami, macho yakiniwasha.

Ikaja zamu ya Saumu, rafiki yangu mwembamba, niliyemwonea wivu mpaka vifundo vya miguu. Alipokuwa akishuka, mfuko wa gauni lake ukachanika. Mawe yakamwagika sakafuni, ko, ko, ko.

Raya hakuwa na mbavu. Saumu akaangua kilio. "Kwetu waniita ukuti. Mie nnataka niwe kama weye."

Kama mimi? Nilidhani ananitania. Kabla sijamjibu, Ami akakohoa njiani, tukatimua mbio wote watatu, zamu ya Raya ikafia pale pale. Nyuma ya migomba nilimgawia Saumu ubuyu wangu niliourudisha mfukoni.

Sasa tuko kidato cha tatu, mimi na Saumu dawati moja. Juzi karafuu zilinukia dirishani, nami nikaingiza mkono mfukoni kama kawaida yangu, na hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo akili yangu ya utotoni ililipita. Mimi nilitoa ubuyu. Saumu alitia mawe. Na Raya, aliyebuni mchezo wenyewe akatucheka sote, hakulisogelea gunia hata kidogo. Na Ami alipokohoa, aliyekimbia akitabasamu, kama aliyeponea mizani, alikuwa yeye.