Mfalme wa Kike wa Migombani

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, sisi watoto wa kijiji cha Ikuti tulimjua mfalme wa China kabla hatujaijua Mbeya mjini. Mwenye duka mmoja alileta televisheni na deki, akaziendesha kwa jenereta. Jumamosi, tukishachuma chai, tulijazana kwake na nguo zetu mbichi kwa mvua, ndizi za kuchoma mdomoni. Kanda zilikuwa za Kichina: majumba mekundu, majoho ya dhahabu, watu wanasujudu mpaka paji linagusa sakafu. Lugha hatukuambulia kitu, ila tulielewa yote. Vijana wa leo wana simu kiganjani na hawajui hata jina la babu yao.

Bibi alikuja mara moja tu. Alipoona wanawake wa ikulu wanaficha nyuso mfalme akipita, aliridhika. "Hawa wamefunzwa. Mkamwana hamtazami baba mkwe."

"Bibi, hao ni wake zake!" mwenye duka akacheka.

"Wote? Basi ng'ombe anao!"

Mwalimu wetu wa historia, mtu wa Tabora, ndiye aliyetufafanulia zile koo za kifalme, huu ukianguka ule unainuka. Akatuambia aliwahi kuwapo mwanamke aliyewaweka wanawe kando akatawala mwenyewe. Weee! Jioni hiyo hiyo nilimng'oa kaka yangu Ambakisye kwenye kiti chetu cha ufalme cha magogo ya mgomba. Akakimbia kwa baba akilia. Baba wala hakuacha kupalilia. "Mwache atawale. Si ndiye anayelima?"

Baba tumemzika. Wiki iliyopita baba zangu wadogo walikaa kikao, wakampa Ambakisye shamba la chai lote. Ambakisye yuko Dar, chai anaijua ikiwa kikombeni. Mimi ninayelichuma, mtoto mgongoni, nimeambiwa, "Mwanetu, wewe umeolewa. Mwanamke harithi ukoo." Nilichowajibu hakiandikiki.

Zamani tulinyang'anyana ufalme, kisha tunakula magimbi sinia moja, Ambakisye ananiachia kipande kikubwa. Siku hizi hata simu yangu hapokei. Ningeipata siku moja tu ya zile, ningeshukuru. Lakini chai haingoji mtu alie. Leo asubuhi nimeingia shambani kama kawaida, baba mdogo amesimama njiani ananitazama, nami nimechuma mstari mpaka mwisho. Kesho naenda baraza la kata kulidai.