Hakuficha Maradhi, Alituambia Amechoka

Wiki iliyopita tulimzika jirani yangu wa Kilole, mama aliyekuwa akizunguka kwenye magulio ya Korogwe na Handeni akiuza mitumba. Alianguka gulioni akifungua belo la nguo, na hakuamka tena. Nilipigiwa simu nikiwa Mombo nasubiri chakula, nikaondoka kabla hakijaletwa. Baadhi yenu mmewahi kununua kwake na kutaniwa kwa sababu ya vitambi vyenu. Naandika nikiwa na uchungu, na hasira pia.

Alikuwa na gari dogo, si la Kijapani kama mengi ya huku, na aliliendesha mwenyewe. Siku moja alinipa lifti kwenda Handeni. Tulipoanza kupanda mlima, kwenye dashibodi ikawaka taa yenye alama ya radi katikati ya mabano mawili. Gari likaishiwa nguvu. Anakanyaga mafuta, gari linajikongoja tu. Akaegesha pembeni, akazima, akasubiri kidogo, akasema bismillah, akawasha. Taa haikuonekana tena, na nguvu zikarudi.

"Umeona, kaka yangu? Lilichoka tu."

"Limeanza lini tabia hii?"

"Aa, zamani. Na wewe maswali kama trafiki!"

Hakuwa peke yake. Madereva wengi wa huku dawa yao ya kwanza ni kuzima na kuwasha, na taa ikipotea wanahesabu gari limepona. Nilimbembeleza mpaka akalipeleka kwa fundi wa umeme wa magari pale Korogwe. Fundi akachomeka kompyuta yake, akatueleza kwamba kwenye magari haya pedali ya mafuta haivuti waya. Inapeleka taarifa kwa umeme, na kompyuta ndiyo inayofungua mlango wa hewa wa injini. Taarifa zikigongana, kompyuta inapunguza nguvu ili gari lisimshinde dereva, na inawasha taa ile. Mlango wa hewa wa gari lake ulikuwa umeshika uchafu, na plagi ya nyaya zake imelegea. Akasafisha, akakaza, akalijaribu barabarani. "Ikiwaka tena njoo, mama," alisema. "Na ukiiona inawakawaka, usiendelee na safari. Egesha."

Gari lilipona. Mwenyewe hakupona. Miezi yake ya mwisho, akibeba belo alikuwa akisimama ghafla, anashika kifua, anakaa juu ya nguo zake. "Nimechoka tu, niacheni nipumue," anasema. Akipumua kidogo anainuka, anaanza kunadi, na sisi tunashangilia. Mwanamke wa shoka, tulimwita. Gulioni ukikosekana, mwingine anatandika turubai lake mahali pako, kwa hiyo sote tulijua kwa nini haendi hospitali. Hakuna aliyemwambia, mama, leo nenda, tutakushikia nafasi.

Msibani nilimsikia mzee mmoja akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha kitu. Alituambia mchana kweupe, tena zaidi ya mara moja.

Jioni ile ile binti yake mkubwa aliinama kando ya masufuria, mkono kifuani, jasho linamtoka. Wanawake walikuwa wakimsifu kwamba ni mama yake mtupu, hachoki.

"Shikamoo, baba mdogo," akaniambia akijaribu kusimama. "Ngoja nigawe chakula kwanza."

"Marahaba. Atagawa mwingine. Twende."

Nilimpeleka hospitali kwa gari la mama yake. Daktari alipomuuliza ameanza lini kujisikia hivyo, alijibu, "Tangu mama yu hai," akalia. Presha yake ilikuwa juu mno. Sasa anatumia dawa.

Wasomaji wangu, sifa za uvumilivu tuzipunguze. Mtu akishika kifua mbele yako, mshike mkono uende naye, na wanaobaki wamlindie nafasi yake mpaka arudi.