Jani la Isale

Mwaka wa kwanza chuoni nilisoma mikataba, jinai, katiba na madhara, yaani makosa anayomtendea mtu mwenzake hata kama si ya kupelekwa polisi. Tulibishana wiki nzima juu ya kesi ya konokono aliyekutwa kwenye chupa ya kinywaji huko Uskochi, nami nikajiona nimeshakuwa mtu. Baba alikuwa akipiga simu kutoka kijijini kwetu Daa, na swali lake lilikuwa lile lile.

"Mama, mmefika kwenye ardhi?"

"Bado, baba. Ardhi ni mwaka wa tatu."

"Haya, soma."

Nilidhani ananitania. Niliporudi likizo ndipo nikajua kwamba jirani alimshtaki kwenye baraza la ardhi akashinda. Alipewa nusu ya shamba letu, pamoja na safu ya mimea ya masale ambayo baba aliipanda mpakani alipohamia kutoka Kilimanjaro. Baba hakukata rufaa. Hakuniambia pia, eti asinivuruge wakati wa mitihani. Watu walipomuuliza aliwajibu watulie, mwanasheria wake anakuja.

Mwanasheria mwenyewe ndiye mimi! Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Tulikwenda kwa wakili mjini Karatu. Muda wa rufaa ulikuwa umekwisha zamani. Tungeweza kuomba kuongezewa, alisema, ila sababu iwe nzito. Mzee aliugua? Alisafiri?

"Nilikuwa namsubiri huyu afunge chuo," baba alisema.

Wakili alinitazama, kisha akarudisha kalamu mfukoni.

Asubuhi iliyofuata baba alivuka akaingia upande uliokuwa wetu, akachuma jani moja la isale, akalipiga fundo. Kwetu Wachaga anayekuletea isale anakuomba radhi, na huwezi kumkatalia. Kwa kawaida mtoto ndiye humpelekea mzazi. Baba alinipa mimi, kwa mikono miwili.

"Mama, nimepoteza sehemu yako. Nisamehe."

Nililipokea huku nalia. Jirani alikuwa amesimama shambani kwake anatuangalia.

"Mzee," aliita, tena kwa upole, "siku nyingine ukitaka kuingia huku, omba kwanza."

Baba aligeuka kunitazama, akingoja nimjibu jirani. Kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama umefuata jani tu. Hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza, na kwenye mtihani ndilo swali nililolijibu vizuri kuliko yote.