Nilichomficha Daktari wa Macho

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona aibu kidogo kisha nacheka. Nilikuwa msichana wa kiwanda kule Thika, kazi yangu kukagua vitambaa na kutafuta nyuzi zilizokatika. Ni kazi ya macho, na nilijisifu kwamba hakuna dosari inayonipita.

Jicho la kulia likawa jekundu. Wenzangu wakasema ni vumbi la pamba, wakanipa kichupa cha matone kilichokuwa kikizunguka meza nzima. Nikatia wiki nzima. Maumivu yakazidi kuingia ndani, mwanga wa dirisha ukanichoma, na nyuzi zikaanza kunipotea. Niliogopa sana. Bila jicho ningefanya kazi gani?

Msimamizi wetu, Mama Njoki, mwanamke mkali anayeficha huruma yake, akanipeleka mwenyewe kliniki ya macho. Daktari akauliza kama kuna mahali pengine panaponiuma. Nikasema hapana. Niliona pale ni pa macho tu, na foleni ilikuwa ndefu, kwa nini nimchoshe?

Mama Njoki akadakia. "Daktari, huyu anakuficha! Kila asubuhi ni mimi humfungia vifungo ya dustkoti. Vidole yake imevimba, haikunjiki mpaka saa nne." Kisha akanigeukia. "Haiya! Kwani hiyo jicho ulinunua kando?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ugonjwa unaovimbisha viungo unaweza kushambulia jicho pia, na ukipuuzwa unaweza kukupofusha. Akanipa dawa, akanituma kwa daktari wa viungo. Ilichukua miezi, lakini jicho likapona. Dawa za viungo nameza mpaka leo, na kliniki ya macho siikosi.

Sasa niko Mwihoko, nashona sare za wajukuu. Uzi natia kwenye sindano mwenyewe. Kwa miwani, ndiyo, usinicheke.

Basi sikia, mwanangu. Jicho likiwa jekundu na linauma, usitie matone ya jirani, nenda ukapimwe. Ukiulizwa panapouma, taja pote, hata goti, hata mgongo. Na kama unajijua ni mtu wa kuficha, nenda na yule anayekufungia vifungo.

Mungu akutunzie macho, uwaone wajukuu wako vizuri. Na asikunyime Mama Njoki wako.